Diski ya Tani Moja na Mabingwa Wengine wa Kompyuta

"Nane kwa mia mbili hamsini na sita, i5." Muuzaji wa laptopu hulitamka hilo kwa pumzi moja, na mteja huitikia kwa kichwa. Kila namba hapo ina mabingwa wake.

Mia mbili hamsini na sita ni hifadhi, kwa gigabaiti: kabati la picha, nyimbo na mafaili. Diski ngumu ya kwanza kuingia sokoni, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, na uzito wake ulipita tani moja. Ndani? Herufi milioni 5, chini ya megabaiti 4. Picha moja ya simu yako ingeijaza.

Nane ni RAM, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. RAM haihifadhi filamu zako. Ni nafasi ya kazi inayofanyika sasa hivi, na ukizima mashine hubaki tupu. Rekodi niipendayo ni ya Apollo 11, iliyotua mwezini kwa RAM ya takriban kilobaiti 4 tu. Tarehe 20 Julai 1969, wanaanga Armstrong na Aldrin wakiteremka, kioo kidogo kikaonyesha 1202: nafasi imejaa. Rada isiyohitajika wakati ule ilikuwa inaipotezea kompyuta muda. Programu ikatupa kazi zisizo za lazima, ikajianzisha upya, ikaendelea kuongoza injini. Simu nyingi za leo, zenye RAM zaidi ya hiyo mara milioni, hukwama kwa kufungua kamera! Maagizo ya kudumu ya kompyuta ile yalifumwa kwa mikono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon, Massachusetts: waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri.

i5 ni prosesa ya Intel, inayopiga hesabu. Babu yake, Intel 4004 ya 1971, iliyoanzia kwenye kikokotoo cha kampuni ya Kijapani Busicom, ilikuwa na transista 2,300. Novemba 2024, kompyuta kuu El Capitan ya California ilishika ubingwa wa dunia kwa kasi: hesabu zaidi ya milioni ya milioni ya milioni kwa sekunde.

Jina i5 lenyewe lipo tangu 2009, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya kizazi cha ngapi kabla hujatoa hela.