Usiongeze Asidi: Betri Iliyokufa Hubadilishwa

Iwe ni Kasese mjini, iwe ni Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, iwe ni kwa wavuvi wa Katwe, swali ni lile lile: "Fundi, betri yangu ya sola haishiki chaji tena. Niongeze asidi kiasi gani?"

Usiongeze hata tone. Nimelijibu swali hili kwa mdomo miaka mingi, na bado naletewa betri ambazo zingedumu mwaka mwingine mzima lakini zimeuawa na chupa ya asidi iliyonunuliwa kwa nia njema. Kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, na naomba mwenye duka la betri aisome makala hii pia.

Asidi haiishi. Hilo ndilo jambo ambalo muuzaji wa chupa hakwambii. Betri ya risasi, ambayo kemia yake haijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, ina mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi ya salfa. Ukiwasha taa, asidi inatoka kwenye maji na kushikamana na mabamba. Ukichaji, inarudi kwenye maji. Haitoki nje ya betri isipokuwa imemwagika. Kinachopungua ni maji: volti za kuchajia zikipita 14.4 hivi, maji yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatoka kupitia vifuniko. Ndiyo maana mwenye betri ya kufunguliwa anaongeza maji ya betri peke yake, yaani maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Asidi huwekwa mara moja tu, siku betri mpya inapojazwa.

"Lakini fundi, jirani yangu aliongeza na betri ikaamka." Haikuamka. Kilichoamka ni namba kwenye mita, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, wakiwemo mafundi wasio na nia mbaya. Volti za betri iliyopumzika hutegemea ukali wa asidi iliyomo kwenye maji. Chukua uzito wa maji yale ukilinganishwa na maji matupu, jumlisha 0.84, utapata volti za seli moja, na betri ya volti 12 ina seli sita. Betri iliyochoka ina uzito wa 1.15, kwa hiyo inasoma karibu volti 11.9. Mimina asidi kali mpaka uzito ufike 1.25, mita itasoma 12.5. Hakuna umeme wowote ulioingia. Umebadilisha supu, mabamba yako vile vile.

Ukitaka ushahidi, fanya jaribio hili mbele ya huyo aliyekuuzia. Acha mita kwenye betri, kisha washa televisheni na taa zote kwa pamoja. Betri yenye afya, iliyojaa, itashuka kidogo na kusimama juu ya volti 12. Ile "iliyoamshwa" itateremka mbele ya macho yako, 11.5, 11, 10.6, mpaka inveta ianze kupiga kelele. Dakika tano zinatosha kumaliza ubishi.

Ubaya hauishii kwenye pesa ya chupa. Betri iliyokaa muda mrefu bila kujaa, asidi yake imeganda kwenye mabamba kama fuwele nyeupe ngumu za salfeti ya risasi. Kwa maneno mengine, asidi uliyodhani imekwisha imo mle mle ndani. Ukiongeza nyingine, halafu ukabahatika kuichaji kwa muda mrefu hadi sehemu ya fuwele zile ikayeyuka, asidi ya zamani inarudi kwenye maji na kukutana na mpya. Mchanganyiko unakuwa mkali kuliko mabamba yanavyoweza kuvumilia, na fremu ya bamba la chanya inaanza kuliwa. Mulika tochi kwenye tundu la betri ya namna hiyo, huku umevaa miwani. Maji yanayopaswa kuwa maangavu yamekuwa ya kahawia, kama ya mto Nyamwamba baada ya mvua. Ile kahawia ni bamba la chanya lenyewe linalomeguka na kutuama chini. Tope likifika kwenye ncha za mabamba, chanya na hasi zinagusana, na seli hiyo imekufa moja kwa moja.

Kuna na wale wa chumvi. Wengine wamesikia habari za chumvi ya magnesi, wengine wananiuliza kama chumvi ya Katwe inafaa kwa kuwa iko karibu na ni rahisi. Chumvi ya magnesi haiwezi kurudisha bamba lililokwisha kumeguka. Ya Katwe ni mbaya zaidi. Ina kloridi, na kloridi hula risasi ya bamba la chanya. Ina kabonati, na kabonati inaua ile asidi unayoihitaji, kwa povu. Waulize wazee wa Katwe kuhusu kiwanda cha chumvi ambacho magofu yake bado yamesimama pale: maji ya ziwa la chumvi yalikula mabomba yake ya chuma. Maji yaliyoshinda mabomba ya kiwanda hayataiponya betri yako. Magadi yana kazi moja tu katika habari hii: kumwagiwa juu ya asidi iliyodondoka sakafuni.

Basi, nini kinaua betri zetu? Kwanza, paneli ndogo. Betri ya ampea-saa 100 inahitaji ampea kama 10 ili ijae vizuri. Paneli ya wati 50 inatoa takriban 3 jua likiwa kali. Betri hiyo haijai hata siku moja, na fuwele zinaanza tangu mwezi wa kwanza. Pili, kuitumia mpaka inveta izime yenyewe. Inveta nyingi huzima karibu na volti 10.5, wakati betri imekwisha kukaushwa kabisa. Zima wewe mwenyewe ikifika 12. Tatu, joto. Kasese iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na betri iliyowekwa juu ya kabati chini ya mabati inapikwa kila mchana. Kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Iweke chini, penye kivuli na hewa. Nne, betri ya gari iliyofanywa ya sola. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, hayakutengenezwa kuwasha taa usiku kucha.

Sasa njia ulizonazo, kwa haraka. Kama maji yamepungua lakini mabamba bado yamefunikwa, ongeza maji ya betri, usitumie ya bomba wala ya mto, kisha ichaji mfululizo siku mbili bila kuitumia na upime tena. Ikishindwa jaribio la taa, inunuliwe nyingine. Ukitaka ya bei nafuu na uko tayari kuitunza, nunua ya kujaza maji iliyotengenezwa kwa sola. Usiyetaka kuhangaika na maji, nunua ya jeli, na usiifungue kamwe. Mwenye uwezo anunue ya lithiamu-chuma-fosfeti: haina kobalti, uzito wake ni kama nusu, hudumu maelfu ya mizunguko, lakini lazima kontrola ya chaji ibadilishwe mpangilio ili iijue. Kama zilikuwa mbili zimeunganishwa, badilisha zote mbili. Ile ya zamani itaivuta mpya kaburini.

Kuibadilisha unaweza mwenyewe. Piga picha ya waya zote kwa simu. Zima inveta na taa. Ondoa waya za paneli kwenye kontrola kwanza, kwa sababu kontrola nyingi huharibika zikibaki na paneli bila betri. Vua pete na saa. Funga mpini wa spana kwa tepu, kwani spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inaweza kuyeyuka mkononi. Ondoa hasi, halafu chanya. Weka mpya, funga chanya, halafu hasi, kaza vizuri, paka mafuta ya mgando juu ya ncha. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya. Bila fyuzi usiunganishe kitu. Rudisha paneli mwisho. Hakuna sigara wala mshumaa karibu, haidrojeni inalipuka.

Wenye boti wa Katwe, Kayanja na Katunguru, yenu ina nyongeza. Betri iwe ndani ya boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, juu ya maji yanayotuama ndani ya chombo, na ifungwe kwa mkanda isihame wimbi likipiga. Iwe mbali na tangi la petroli. Msiunganishe waya wakati mafuta yanamiminwa. Na betri ya kuwashia injini iachwe ifanye kazi hiyo. Taa za usiku ziwe na yake, msije mkabaki katikati ya Ziwa Edward na injini isiyowaka.

Limebaki jambo moja, na hili si la hiari. Usimwage asidi ya betri ya zamani. Watu wa Kasese wana sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Mabaki ya madini ya shaba ya Kilembe, yaliyochimbwa tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalirundikwa hapa mjini. Mvua na hewa zikayageuza kuwa chanzo cha asidi ya salfa, asidi ile ile ya betri, ikatiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda wa ardhi isiyoota majani. Betri yako ni ndogo, lakini iko karibu na kisima chako. Na usimpe mtu anayeyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya nyumba: zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, moshi na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Ipeleke dukani ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, asidi ikiwa ndani, na umwambie muuzaji apunguze bei ya mpya kwa thamani ya risasi hiyo. Ana pa kuiuza, na wewe una haki ya punguzo.