Jaribu krimu mkononi kabla ya usoni

Wanakikundi, tuseme ni mama anayepika chapati hapa Pioneer. Uso unawaka moto, vipele vimetoka mashavuni na puani, na wateja wanamwangalia vibaya. Anadhani ni chunusi. Huenda ni rosasea, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Kwetu watu weusi wekundu wake hauonekani sana, kwa hivyo mara nyingi haujulikani. Joto la jiko, jua na chai moto huuchochea.

Ndipo jirani anamletea tyubu. Angalia! Ikiwa imeandikwa "clobetasol" au "betamethasone", uso utatulia siku chache, halafu ukiiacha unawaka kuliko kwanza, nawe unapaka tena. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye dawa kama hizo, zebaki au haidrokwinoni, lakini biashara haikuisha. Kama umepaka miezi mingi, daktari akuachishe.

Dawa moja ya rosasea ni krimu ya metronidazoli, ya kuandikiwa na daktari. Ndiyo ile Flagyl ya tumbo, ila imetengenezwa ya kupaka (jamani, msisage vidonge!). Nayo ijaribu: paka mahali padogo kama sarafu, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7. Ikiwasha au pakivimba, osha, acha. Ikiwa salama, anza shavuni kidogo. Usichanganye na krimu nyingine, hutajua ipi imekuchoma. Na usiitupe wiki ya pili, maana huhitaji wiki 8 hadi 12. Macho yakianza kuuma, usingoje krimu, nenda hospitali.