Je, Wajua? Vitabu vya Wapigania Haki Weusi na Siri za Nyumbani Kwao

Je, wajua kwamba mwaka 1953, wakati Jomo Kenyatta ameshahukumiwa kifungo katika kesi ya Kapenguria, kuna mtoto alizaliwa Mississippi, Marekani, akapewa jina lake? Baba yake aliitwa Medgar Evers, wakati huo muuza bima, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa NAACP, chama cha kupigania haki za Weusi, katika jimbo hilo. Evers alikuwa akifuatilia habari za Mau Mau kwa hamu kubwa, na alitaka mwanawe wa kwanza aitwe Kenyatta, basi. Mkewe, Myrlie, aliona jina hilo peke yake lingemtia mtoto mashakani kabla hajajua kutembea. Fomu ya cheti cha kuzaliwa ilipofika mikononi mwake akatanguliza jina jingine, na mtoto akawa Darrell Kenyatta Evers.

Kisa hicho hukikuti kwenye hotuba za Evers. Kinatoka kwa mkewe, aliyeandika maisha yao katika kitabu *For Us, the Living* mwaka 1967 akisaidiana na mwandishi William Peters. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi wa viongozi hawa. Ukitaka kujua mtu alisema nini jukwaani, soma kitabu chake mwenyewe. Ukitaka kujua alivyoishi, tafuta cha mkewe, baba yake au mwanawe.

Ni Myrlie huyohuyo anayetueleza usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963. Watoto walikuwa macho wakimsubiri baba, baada ya kumtazama Rais Kennedy kwenye televisheni akizungumzia haki za raia. Gari lilisikika likiingia uani, kisha risasi iliyomuua Evers. Watoto walijitupa sakafuni papo hapo, kwa kuwa baba yao alikuwa amewafundisha kufanya hivyo. Hebu fikiria nyumba ambayo mtoto hufundishwa kulala chini risasi ikilia kama wengine wanavyofundishwa kunawa mikono.

Mtuhumiwa wa mauaji hayo, Byron De La Beckwith, alishtakiwa mara mbili mwaka 1964 mbele ya wazee wa baraza ambao wote walikuwa wanaume Weupe, na mara zote mbili hawakuafikiana. Myrlie alihifadhi nakala ya mwenendo wa kesi. Miaka ikapita, kumbukumbu za mahakama zikapotea, na kesi ilipofufuliwa ni nakala yake iliyowasaidia waendesha mashtaka. Bunduki nayo ilipatikana mahali ambapo mtunzi wa riwaya angeona haya kuiweka: nyumbani kwa jaji aliyekuwa baba mkwe wa mwendesha mashtaka, Bobby DeLaughter. Beckwith alitiwa hatiani tarehe 5 Februari 1994.

Je, wajua kwamba Frederick Douglass aliandika maisha yake mara tatu, na mara mbili za kwanza akakataa kusema alitorokaje utumwani? Kitabu cha 1845 na cha 1855 vyote viliruka jambo hilo. Alisema kufichua njia kungewaponza waliomsaidia na kuwafungia mlango waliobaki. Msomaji alisubiri hadi toleo la 1881, utumwa ukiwa umekwisha kufutwa, ndipo akaambiwa: mwaka 1838 Douglass alipanda treni kutoka Baltimore amevaa kama baharia, mfukoni ana hati za baharia Mweusi aliye huru, na aliyeandikwa humo hakufanana naye.

Lile la 1845 lilimponza. Alikuwa ametaja majina ya mabwana zake na mahali alikotumikishwa, hivyo akajianika kwa wakamata watumwa, ikambidi kukimbilia Ireland na Uingereza. Marafiki wa huko ndio waliochanga fedha za kumkomboa, pauni 150, na hati ya uhuru wake ya mwaka 1846 inataja dola 711 na senti 66.

Lakini nauli ya kutorokea ilitoka wapi? Kwa Anna Murray, mfanyakazi wa nyumbani aliyezaliwa huru, mchumba wake wakati huo. Aliuza godoro lake la manyoya. Baadaye, mumewe akiwa ng'ambo anashangiliwa, Anna alibaki Massachusetts akishona viatu kwa malipo ili watoto wale. Katika vitabu vitatu vya Douglass, mwanamke huyu hupita kama kivuli. Hakujua kusoma vizuri wala hakuacha maandishi. Tunayoyajua ya ndani tunayapata kwa binti yao mkubwa, Rosetta, aliyesimama mwaka 1900, miaka 18 baada ya kifo cha mama yake, akatoa hotuba ambayo baadaye ilichapwa kama kijitabu. Ni kurasa chache tu, lakini kwa maoni yangu zinamfundisha msomaji kuhusu nyumba ile kuliko mamia ya kurasa za baba mtu.

Je, wajua kitabu kilichokatika katikati ya sentensi? Ni cha Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyepambana na mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya Weupe, na ambaye mtambo wake wa uchapaji uliharibiwa Memphis mwaka 1892. Alikuwa bado anaandika kumbukumbu zake alipofariki mwaka 1931, na mstari wa mwisho umeachwa hivyohivyo haujaisha. Binti yake, Alfreda Duster, aliyahariri maandishi hayo na kuyatafutia mchapishaji kwa miaka mingi, akikataliwa huku na kule. *Crusade for Justice* kilitoka mwaka 1970, yaani miaka 39 baada ya mwandishi kuzikwa.

Katika kitabu hicho Wells anasimulia alivyozunguka mwaka 1896 akihutubia mikutano ya siasa na mtoto mchanga wa kunyonya, akidhani huenda ni yeye mwanamke pekee nchini aliyefanya hivyo. Akina mama wa leo wanaobeba watoto vikaoni wana bibi yao huyo.

Je, wajua kwamba kitabu maarufu cha Malcolm X kilikaribia kufa kwa ukimya wa mhusika? Mwanzoni mwa 1963 alianza kwenda usiku kwenye chumba cha kazi cha Alex Haley mjini New York (Haley huyohuyo aliyekuja kutuletea Kunta Kinte). Alizungumza juu ya kiongozi wake Elijah Muhammad, lakini habari zake mwenyewe alizibania. Haley aligundua kwamba mgeni wake, huku akizungumza, huandika-andika kwenye kipande chochote cha karatasi kilicho karibu. Basi kila alipoleta kahawa akawa anaweka na karatasi mbili nyeupe za kufutia mikono, kisha anazikusanya. Karatasi zilisema yale ambayo ulimi ulikataa.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na swali moja. Usiku mmoja Malcolm akiwa amechoka, Haley alimwomba amweleze juu ya mama yake. Malcolm akaanza kutembea chumbani huku na huku, akikumbuka magauni ya mama yaliyopauka na vile alivyohangaika jikoni kuwatafutia watoto chakula. Alizungumza hadi karibu alfajiri. Mama huyo, Louise Little, mzaliwa wa Grenada, aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, Michigan, kwa zaidi ya miaka 20.

Malcolm hakukiona kitabu chake kikiuzwa. Aliuawa tarehe 21 Februari 1965, kampuni ya Doubleday ikaogopa na kuuacha mradi, na Grove Press wakakitoa baadaye mwaka huohuo. Sura moja iliyoondolewa iliibuka mnadani mwaka 2018 na kununuliwa na maktaba ya Schomburg ya Harlem kwa dola 7,000. Mjane wake, Betty Shabazz, alibaki na mabinti wanne na mimba ya mapacha. Binti wa nne ana jina tunalolijua vizuri Afrika: Gamilah Lumumba. Wa tatu, Ilyasah, aliandika juu ya kulelewa bila baba katika *Growing Up X* mwaka 2002, kisha akashirikiana na Herb Boyd kuhariri shajara ya safari za baba yake za 1964, iliyochapishwa mwaka 2013. Katika safari hizo Malcolm alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba na kuonana na Mwalimu Nyerere.

Waandishi wa maisha ya Malcolm nao wamepata mikosi. Manning Marable alifanya utafiti kwa miaka mingi, akafariki tarehe 1 Aprili 2011, siku tatu kabla kitabu chake hakijatoka. Les Payne alifariki mwaka 2018 kazi haijakamilika. Aliyeimalizia ni binti yake, Tamara, na ikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2021.

Je, wajua kwamba Martin Luther King alizaliwa akiitwa Michael? Baba yake, mchungaji, ndiye aliyebadilisha majina yao wote wawili baada ya safari ya Ujerumani mwaka 1934. Na je, wajua kwamba kitabu chake cha kwanza nusura kimuue? Septemba 1958 alikuwa amekaa katika duka moja la Harlem akiwatilia wasomaji saini kwenye *Stride Toward Freedom*, mwanamke aliyechanganyikiwa akili akamchoma kifuani kwa kisu cha kufungulia barua. Ncha iligusa mshipa mkuu wa damu. Madaktari walimwambia kwamba angepiga chafya tu, angekufa.

Kwa mambo ya ndani, mfungue Coretta Scott King, aliyetoa kitabu chake mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya mauaji. Alikuwa amesomea muziki Boston, na siku ya ndoa yake, Juni 1953, alimwambia baba mkwe aliyefungisha ndoa aliondoe neno la kumtii mume kwenye kiapo. Likaondolewa. Usiku huo huko Alabama hapakuwa na hoteli iliyopokea Weusi, kwa hiyo bwana na bibi harusi walilala kwa rafiki wa familia aliyekuwa na nyumba ya kuhifadhia maiti. Anasimulia pia kwamba wiki chache kabla ya kuuawa, mumewe alimpelekea maua mekundu, na alipoyashika akagundua si maua halisi. Hakuwa amewahi kumpa maua ya bandia. Alipouliza, King alijibu kwamba safari hii alitaka kumpa kitu atakachoweza kukitunza.

Baba mzazi naye aliandika: *Daddy King*, mwaka 1980. Ndani ya miaka sita na ushei mzee huyo alimzika Martin, akamzika mwanawe mwingine A. D. aliyekutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea mwaka 1969, kisha mkewe Alberta aliyepigwa risasi Juni 1974 akipiga kinanda kanisani Ebenezer.

Kwa ufupi: Rosa Parks alikuwa na miaka 42 alipokataa kumpisha Mweupe kiti ndani ya basi, na katika kitabu chake cha 1992 anakanusha hadithi ya bibi kizee mwenye miguu iliyochoka. Alichokuwa amechoka nacho ni kukubali kuonewa.

John Lewis alinyimwa kadi ya maktaba huko Alabama mwaka 1956 akiwa na miaka 16, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1998 maktaba hiyohiyo ilimwalika, akiwa mbunge, kutia saini kitabu cha maisha yake, na kadi akapewa. Lewis huyo alikutana na Malcolm X hotelini Nairobi mwezi Oktoba 1964, kwa bahati tu.

Mwisho ni Bob Moses, aliyeongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura Mississippi mwaka 1964. Kuanzia 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania na mkewe Janet, akifundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro. Huku ndiko alikozaliwa binti yao Maisha. Waliporudi Marekani, Moses hakuridhika na hisabati aliyofundishwa Maisha shuleni, na mwalimu wa binti huyo akamkaribisha amfundishe aljebra darasani pamoja na wenzake. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini, anaousimulia katika *Radical Equations* cha mwaka 2001.

Moses alifariki mwaka 2021, na waliokuwa wanafunzi wake Same leo ni wazee. Kama mmoja wao ni baba yako, mama yako au jirani yako, chukua kalamu ukamwulize sasa.