Hesi Inayorudisha Oili

Msomaji mmoja wa Tanga, aliyerithi gari aina ya Morris Minor, ameniandikia kuuliza inakuwaje injini iliyofunguliwa, ikasafishwa, ikavishwa gasketi mpya kutoka juu hadi chini, na kufungwa na fundi mwenye mkono wa kuaminika, ikaendelea kudondosha oili sakafuni kila usiku kana kwamba haikuguswa. Swali lake limenifurahisha mno, maana jawabu limo katika sehemu ndogo ya injini hiyo ambayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa tadbiri nzuri kabisa katika utengenezaji wa magari wa karne iliyopita, na ambayo aghalabu hulaumiwa na watu wasioijua.

Gari lenyewe lilibuniwa na Alec Issigonis, likaoneshwa London mwaka 1948, na kabla ya kukoma mwaka 1971 lilikuwa limetengenezwa zaidi ya magari 1,600,000. Injini ninayoisema ililiingia mwaka 1952, ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 803, ikapanda hadi 948 mwaka 1956 na 1,098 mwaka 1962. Habari za pistoni na vali naziacha, kwa kuwa hazituhusu.

Oili iliyovuja haianguki ilipotokea. Huteremka kwa uzito wake, husukumwa nyuma na upepo wa feni na wa mwendo, hufuata maungio ya vyuma, na mwishowe hudondoka mahali pa chini kabisa, ambapo huenda pasiwe na kasoro yoyote. Kwa hiyo injini huoshwa kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, ikakaushwa, ikapakwa poda nyepesi ya mtoto, ikawashwa mpaka ikapata moto, kisha ikatazamwa kwa tochi kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu mchirizi wa kwanza mweusi katika weupe ule hauwezi kuficha asili yake. Mahali pa kutazama panajulikana: gasketi ya kifuniko cha vali, ambayo ni ya gome jepesi kama la vizibo vya chupa na hupasuka nati zikikazwa kwa nguvu kupita kiasi, vifuniko viwili vya chumba cha tapeti, vilivyojificha ubavuni nyuma ya manifoldi, sili ya mbele, nyuma ya puli, ambayo katika injini za mwanzo ni ya sufu iliyoshindiliwa, na ncha mbili za sampo. Haya yote huponywa kwa gasketi na subira.

Tone linalotoka katika tundu dogo chini ya nyumba ya klachi ni jambo jingine. Katika tundu hilo watengenezaji walining'iniza splitpini iliyolegea, isiyoshika kitu chochote, ili icheze kwa mtikisiko wa injini na kuuzuia uchafu usilizibe. Walijua, basi, kwamba oili itafika pale, wakaiwekea njia ya kutokea, kwa maana ikikosa njia hujikusanya na kuifikia klachi, nayo klachi ikiloa huteleza.

Nyuma ya beringi ya mwisho, palepale kranki inapotoka kwenda kushikana na flaiwili, hapana sili ya mpira hata kidogo. Pana kwanza ukingo wa mviringo uliochongwa katika chuma chenyewe, ambao ukizunguka huirusha oili pembeni mpaka ikaangukia njia inayorudi katika sampo; na baada ya ukingo huo pana mfuo uliozungushwa mithili ya nyuzi za parafujo, ambao nitauita hesi rejeshi. Hesi hiyo hukaa ndani ya tundu la chuma bila kuligusa, kwa nafasi ya sehemu chache za elfu za inchi, na mwelekeo wake umechongwa kwa makusudi, hata oili iliyouponyoka ukingo, ikinata katika ukuta uliosimama ilhali hesi inazunguka, hulazimika kurudi ndani. Kranki inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huisukuma hivyo mara 50 katika kila sekunde.

Jahazi la mbao, hata likikalafatiwa kwa ustadi wa namna gani, hupenya maji kati ya mbao zake, na nahodha hafadhaiki kwa hilo, maana maji hukusanyika katika ngama, na baharia aliyewekwa pale na upo wake huyafua na kuyamwaga kwa kadiri yanavyoingia. Ukavu wa shehena ni kazi ya mkono ule usiotulia. Mianya ya mbao ikipanuka, mkono uleule uliotosha jana hautoshi leo; bahari ikichafuka, ngama hujaa; na jahazi likishatia nanga, baharia akalala, maji yale machache huendelea kupenya bila taksiri ya mtu yeyote. Hesi rejeshi ndiyo baharia huyo. Hufanya kazi injini ikiwaka na hulala injini ikizimwa, na matone ya usiku ni oili iliyokuwa njiani alipouweka upo chini.

Hesabu ya nguvu zake ni tamu kuifuata. Shinikizo la kurudisha huongezeka sawasawa na mnato wa oili, na kasi ya mzunguko, na urefu wa hesi, lakini hupungua kwa mraba wa nafasi iliyo kati ya hesi na tundu lake: nafasi ikizidi mara mbili, shinikizo hubaki robo, ikizidi mara tatu, hubaki sehemu moja katika tisa. Ndiyo sababu beringi zilizolika, zinazoiacha kranki ilale upande mmoja na kufungua mwanya upande wa pili, huidhoofisha hesi ambayo yenyewe, maadamu haigusani na kitu, haijalika hata chembe. Fauka ya hayo, moshi unaopenya kando ya ringi za pistoni hushuka hadi ndani ya sampo, na bomba la kuutoa likizibwa na masizi, hesi iliyoumbwa kushindana na matone hushindana na hewa iliyofungiwa, ikashindwa.

Msomaji wangu, basi, asinunue gasketi nyingine, wala asikubali kupakiwa silikoni nene, ambayo vipande vyake hukatika na kuziba chujio la pampu ya oili. Azibue bomba la pumzi kwanza. Kisha afungue kifuniko cha kutilia oili injini ikiwaka polepole: moshi ukitoka kwa vishindo, ringi zimechoka, ukitulia, zipimwe beringi za kranki. Oili iwe 20W-50. Wako wauzao sili ya mpira ya kufungwa nyuma ya kranki, nami siipingi, kwa kuwa hata MG aina ya B ilipewa sili kama hiyo mwaka 1964 pamoja na kranki yake ya beringi tano. Lakini ni kazi inayotaka injini itengwe na giaboksi, na ningeifanya siku klachi inapobadilishwa, si kabla.