Ondoa Mng'ao, Picha Ionekane

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Mkulima akiona ugonjwa shambani, anaweza kupiga picha ya jani na kumpelekea bwana shamba. Lakini jua likiwaka, jani hung'aa kama kioo. Picha inaonyesha mng'ao tu. Rangi ya jani haionekani.

Jambo hili si dogo. Tuchukue mfano wa mihogo. Upo ugonjwa uitwao michirizi kahawia. Wataalamu waliueleza huko Tanganyika mwaka 1936. Dalili yake moja ni rangi ya manjano kandokando ya mishipa ya majani, hasa majani ya chini. Shina laweza kuonekana zima, kumbe mihogo imeoza ardhini. Ukikata pingili za mmea huo na kuzipanda, umepanda ugonjwa. Ndiyo maana bwana shamba anataka kuiona manjano hiyo vizuri.

Kichujio ni nini?

Wapiga picha wana kioo maalumu cha kuondoa mng'ao. Kinaitwa kichujio cha polaraiza. Huwekwa mbele ya kamera.

Kinafanyaje kazi? Mwanga husafiri kwa mawimbi. Mawimbi ya mwanga wa jua hutikisika kila upande: juu na chini, kushoto na kulia. Yakigonga maji au jani kwa mshazari, mengi ya yale yanayorudi hutikisika upande mmoja tu.

Fikiri juu ya kamba iliyopita katikati ya uzio wa fito zilizosimama. Ukiitikisa juu na chini, mawimbi yanapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito zinayazuia. Kichujio ni kama uzio huo. Huzuia mng'ao na kuacha rangi ya jani ipite.

Baadhi ya miwani ya jua ina vioo vya namna hii. Ijaribu hivi. Weka karai la maji juani. Simama kando, uangalie mng'ao juu ya maji kwa kupitia kioo kimoja. Zungusha miwani polepole. Mng'ao ukipungua, kisha ukirudi, miwani hiyo inafaa. Usipobadilika, miwani hiyo ni ya giza tu.

Namna ya kupiga picha

1. Simama jua likiwa ubavuni mwako.
2. Elekeza kamera kwenye jani kwa mshazari. Ukipiga kutoka upande ule ule unakotoka mwanga, kichujio hakisaidii.
3. Weka kioo cha miwani karibu kabisa na jicho la kamera.
4. Zungusha kioo polepole huku ukitazama picha kwenye simu. Mng'ao ukipungua kabisa, acha kuzungusha.
5. Shika simu imara, upige.

Njia hii husaidia pia kupiga picha ya samaki ndani ya maji maangavu, au ya kitu kilicho nyuma ya kioo cha dirisha. Anga nalo huonekana la buluu zaidi.

Wakati usiofaa

Usitumie kichujio jioni au ndani ya nyumba. Hupunguza mwanga kwa nusu au zaidi, na picha huweza kutoka na ukungu. Mng'ao wa bati jipya hauondoki kwa kichujio. Upinde wa mvua nao unaweza kupotea katika picha.

Tahadhari: usilitazame jua kwa kichujio wala kwa miwani ya jua. Utaumiza macho.

Kama huna kichujio, usiache kazi. Simama ili kivuli chako kifunike jani lote, kisha piga picha. Piga moja ya jani, moja ya mmea mzima, na moja ya muhogo uliopasuliwa. Mpelekee bwana shamba kabla hujakata pingili za msimu ujao.