Saa Nane ya Mama na Sehemu ya Heri

Juma lililopita nilipanda matatu kutoka Ruiru hadi Thika, na mfukoni nilikuwa na kadi ya kliniki ya mdogo wangu, imekunjwa mara nne na wino wake umefifia. Usicheke, msomaji. Nilikuwa nakwenda kuulizia bahati ya mtu mzima mwenye ndevu, aliyezaliwa katika kambi ya shamba moja la kahawa papa hapa Ruiru tarehe 31 Mei 1979.

Kisa chenyewe ni ploti. Mdogo wangu alikuwa amechorewa chati ya kuzaliwa na mnajimu mmoja, akanijia mbio kama aliyeshinda bahati nasibu. Katika chati ile, mbali na jua, mwezi na sayari, palikuwa na alama ndogo ya duara lenye msalaba ndani yake. Mnajimu alimwambia kwamba hiyo ndiyo Sehemu ya Heri, nayo imekaa katika nyumba ya tatu, nyumba ya ndugu. "Bahati yangu iko kwenu, kaka," akaniambia. Basi tuchange pesa nusu kwa nusu, tununue ploti ya hamsini kwa mia upande wa Kimbo. Nilikubali, si kwa ajili ya nyota bali kwa ajili ya bei.

Lakini alama ile ilinikera. Mambo ya nyota nilikuwa nayajua kama wengi wetu tunavyoyajua, yaani kwa kusoma gazetini na kwa kumsikia marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka wa 2011. Nilijua Punda, Ng'ombe, Mapacha na wenzao hadi Samaki. Hiyo Sehemu ya Heri sikuwahi kuisikia. Nikamkumbuka mzee mmoja wa Kihindi mjini Thika, muuza vitambaa, ambaye nilimjua tangu nilipokuwa nikifundisha na kununua kwake vitambaa vya sare. Huyu huwapigia hesabu za nyota watoto wa jamaa zake wanapozaliwa.

"Mwalimu," akaniambia huku akisukuma majora pembeni, "hiyo si nyota. Ukiitafuta angani usiku kucha hutaiona. Hiyo ni hesabu."

Na kwa kweli ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Pima umbali kutoka penye jua hadi penye mwezi. Kisha nenda kwenye nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa, na kuanzia hapo uhesabu umbali ule ule. Aliyezaliwa mchana huhesabiwa kwenda mbele, aliyezaliwa usiku huhesabiwa kurudi nyuma. Unapoishia ndipo penye Sehemu ya Heri. Waarabu waliiita Sahm as-Saada, wakiwa wameirithi kwa Wagiriki. Wahindi nao wakaichukua, na kitabu cha Nilakantha cha mwaka wa 1587 huziita nukta za namna hii "saham". Mzee alipotamka neno hilo nilishtuka, kwani neno letu "sehemu" limetoka kwenye "sahm" hiyo hiyo ya Kiarabu. Kumbe tulikuwa tukizungumza lugha moja bila kujua, yeye na majora yake, mimi na kadi yangu.

Nukta hizi ni nyingi ajabu. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyeandika kitabu chake cha unajimu mwaka wa 1029, aliorodhesha karibu mia moja: ya baba, ya ndoa, ya safari, hata ya dengu na ya vitunguu kwa wafanyabiashara waliotaka kujua bei. Kahawa haimo, maana wakati huo ilikuwa bado si bidhaa ya sokoni. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba watu wanazidi kuzibuni kila siku. Wakubwa hao hata hawapatani. Ptolemy wa Alexandria hakukubali kugeuza hesabu kwa sababu ya usiku. Kwake ni kwenda mbele tu, mchana na usiku.

Mzee alinionyesha pia Rahu na Ketu, ambazo vitabu vya Kiarabu huziita Rasi na Dhanabu, kichwa na mkia wa joka. Hizi nazo hazionekani. Ni mahali pawili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua, na jua au mwezi haupatwi ila karibu na hapo. Nakumbuka tarehe 16 Februari 1980 jua lilipopatwa. Kule Voi giza liliingia mchana, na sisi wa Ruiru tuliona jua lililomegwa kama mkate. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Lakini Rahu huenda polepole, huchukua zaidi ya miaka 18 kumaliza mzunguko, kwa hiyo watoto wote waliozaliwa kambini juma lile wana Rahu mahali pamoja. Sehemu ya Heri sivyo. Nyota inayochomoza husogea digrii moja kwa kila dakika nne hivi, na nukta hii hukimbia pamoja nayo.

"Sasa nipe saa," mzee akasema.

Nikamkunjulia kadi. Imeandikwa 8.00, basi.

Mzee aliitazama, akanitazama mimi. "Saa mbili asubuhi, au saa nane?"

Nilihisi jasho. Kwa Kiswahili kama kwa Kikuyu, saa tunazihesabu tangu kuche au tangu kuchwe. Mama hakujifungulia kliniki. Alijifungulia nyumbani, akampeleka mtoto siku chache baadaye, na karani akamuuliza amezaliwa saa ngapi. Akijibu saa nane, na karani akaandika nane kama alivyosikia, basi chati nzima ya mdogo wangu imesimama juu ya saa sita za makosa.

Nilirudi Ruiru jioni ile ile. Mama yuko, ana nguvu zake. Nikamuuliza bila kumwambia kisa.

"Ilikuwa usiku, mwanangu. Kengele ya shamba ilikuwa bado kabisa. Mwezi ulikuwa mchanga na ulikuwa umeshatua, ndiyo maana mkunga alikuja na taa. Saa nane."

Nikaketi na kalamu. Siku hiyo jua lilikuwa katika Mapacha na mwezi katika Simba, umbali wa nyota mbili, kwa hesabu ya nyota za magazetini (ya Kihindi huachana nayo kwa digrii 24 hivi). Mwezi wa siku tano kweli hutua kabla ya usiku wa manane, kwa hiyo Mama hakukosea. Saa mbili asubuhi nyota ya Kaa ingekuwa inachomoza. Mbili mbele yake ni Mashuke, nyumba ya tatu, ndugu. Lakini saa nane usiku inayochomoza ni Punda. Mbili nyuma yake ni Ndoo, nyumba ya kumi na moja. Nayo ni nyumba ya marafiki.

Ningeweza kukaa kimya. Nilikaa kimya siku mbili, na sitaficha kwamba pesa za ploti ndizo zilizonifunga mdomo. Siku ya tatu nilimwambia, kwani Mama angemwambia vile vile.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama ni kweli, nami nikamjibu kwamba hesabu ni ya kweli, na kama hesabu inajua lolote kuhusu ploti za Kimbo hilo sijui. Akasema ana rafiki yake Juja ambaye amekuwa akimtaka wanunue pamoja.

"Na yule Ptolemy," akaniuliza tulipokuwa tukiagana, "yeye kwa saa nane angeniweka wapi?"

Kwenda mbele kutoka Punda, nyota mbili. Mapacha. Nyumba ya tatu.

Ameomba nimpe hadi mwisho wa mwezi afikirie. Mwenye ploti amenipigia simu mara mbili.