Mnada wa intaneti: kitu kibaya kinaweza kurudishwa?

Watoto na ndugu zetu wanaokaa Ulaya wanatutumia vitu vingi: simu, viatu vya kazi, maski ya kuzuia vumbi. Vingine wanavinunua katika mnada wa intaneti. Je, kitu kisipofaa kinaweza kurudishwa? Mara nyingi ndiyo, lakini wengi hawajui.

Katika mnada wa kawaida unaona kitu kwa macho, nyundo inapigwa, mambo yamekwisha. Katika intaneti unaona picha tu.

Huko Ujerumani, mtu mmoja alishinda bangili ya almasi kwenye eBay kwa euro 252,51. Kisha akakataa kuichukua na kulipa. Muuzaji, aliyekuwa mfanyabiashara, akamshitaki: mnada ni mnada! Tarehe 3 Novemba 2004 tribinali kuu ikamkatalia. Hapakuwa na dalali wa kupiga nyundo. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na haki ya kuacha.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inafuata njia ileile. Mnunuzi ana siku 14, tangu siku ya kupokea kitu, kukirudisha bila kutoa sababu. Lakini angalieni:

1. Muuzaji awe mfanyabiashara. Mtu anayeuza tu vitu vya nyumba yake hafungwi na haki hii.

2. Mnunuzi amjulishe muuzaji waziwazi kabla siku hazijakwisha. Kunyamaza hakutoshi.

3. Kitu kilichofungwa kwa sababu ya afya au usafi, kifuniko kikipasuliwa, hakirudi tena. Asome kwanza maandishi ya inje: kipimo na tarehe ya mwisho.

Siku zinahesabiwa tangu ndugu yetu anapopokea kitu kule, si tangu sisi tunapokipata hapa. Sanduku likikaa kwake mwezi mzima, haki imekwisha. Basi mwambieni aangalie kila kitu siku ileile.

Hii si habari ya feza tu. Maski isiyoshika uso vizuri inapitisha vumbi la mawe, na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo hauponi. Maski iliyotoka Ulaya, onyesheni kwanza kwa mkubwa wa usalama, kabla ya kushuka nayo chini ya udongo.